Michoro ya Kondoa: mawe, udongo, na watu wanaoishi chini yake



Sisi tuliosoma agronomi tunajua jina la Kondoa kwa njia ya pekee kidogo. Katika somo la kulinda udongo, mwalimu akitafuta mfano wa erozioni kali hapa Afrika, Kondoa ya Tanzania njo inakuja kwanza: makorongo marefu, udongo mwekundu umekwenda na mvua, mawe yamebaki wazi. Mtu wa historia naye ukimtajia Kondoa, anafikiria kitu kingine kabisa: michoro ya kale juu ya miamba. Kumbe ni mahali pamoja! Milima ileile, vijiji vilevile. Leo nataka nieleze hizi hadithi mbili kwa pamoja, juu naona moja bila nyingine haieleweki vizuri, na pia juu iko jambo ndani yake linalotuhusu sisi huku Kongo.

Iko wapi na ni kitu gani

Kondoa ni wilaya ya mkoa wa Dodoma, katikati ya Tanzania. Ukitoka Dodoma mjini ukaelekea kaskazini kwenda Babati na Arusha, unapita mji wa Kondoa, halafu kama kilomita 20 mbele unafika kijiji kinaitwa Kolo. Upande huo nchi imepasuka: ni ukingo wa Bonde la Ufa, lile bonde kubwa ambalo tawi lake la magharibi limetupatia sisi ziwa Kivu na ziwa Tanganyika. Miamba ilikatika ikaacha kuta zilizosimama na paa zilizotokeza mbele kama baraza ya nyumba. Watu wengi wanasema mapango, lakini mengi si mashimo ya kuingia ndani gizani. Ni ukuta wa jiwe wenye paa juu yake, mahali mtu anaweza kukaa mvua isimpate. Juu ya kuta hizo watu wamechora.

Eneo lenye michoro lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336. Hesabu kamili ya kuta zenye michoro hakuna. Makadirio ni kati ya 150 na 450. Mwaka 2006 UNESCO iliiandika Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka huohuo iliandika pia Chongoni ya Malawi, ambayo nayo ni milima yenye michoro ya miambani.

Nani alichora?

Hapa inafaa twende polepole, kwa sababu kuna mikono ya namna mbili juu ya kuta hizo.

Ya kwanza ni michoro myekundu. Rangi yake inatokana na udongo wenye chuma, ule ule unaofanya mashamba yetu mengi ya huku kuwa mekundu. Wanachora watu warefu, wembamba, wengine wana nywele au kofia za ajabu kichwani. Wanachora wanyama: twiga, tembo, pofu, swala. Mistari yake ni myembamba, imefanywa na mtu aliyejua kazi. Hii ni michoro ya watu walioishi kwa kuwinda na kuchuma matunda ya porini, mbele ya wakulima kufika.

Ya pili ni michoro myeupe, na mara nyingi imechorwa juu ya ile myekundu. Inaonekana imepakwa kwa kidole, mistari ni minene. Ina duara, mistari mingi, wanyama wa kutambaa, na maumbo ambayo sisi hatutambui mara moja. Sehemu ya Pahi inajulikana kwa michoro hii. Wataalamu wanaihusisha na wakulima wa lugha za Kibantu, yaani watu wanaozungumza lugha zenye ukoo mmoja na Kishi, Kinande, Kiluba na Kiswahili hiki tunachoandikia.

Ukiona nyeupe juu ya nyekundu, usifikiri mmoja alikuja kuharibu kazi ya mwingine. Hatuna ushahidi wa chuki. Kinachoonekana ni kwamba ukuta uleule uliendelea kuwa muhimu, hata watu walipobadilika na kazi yao ya kutafuta chakula ikabadilika.

Umri wake je? Wengi wanapenda kutaja tarehe kubwa ili wageni washangae. Ukweli ni kwamba rangi juu ya jiwe ni vigumu kuipima. Wanachokubaliana ni kwamba desturi hii ina miaka zaidi ya 2,000. Lakini chini ya kuta, ndani ya udongo, mambo ni ya zamani zaidi sana. Mahali panaitwa Kisese walichimba mwaka 1951 na tena 1956, wakapata shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Baadhi zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Basi watu walikuwa wanajipamba hapo kabla hata ya mtu yeyote duniani kupanda mbegu shambani.

Maana yake nini?

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika kwa jarida la wataalamu alikuwa T.A.M. Nash, mwaka 1929. Mnajua alikuwa anafanya kazi gani? Alikuwa mtu wa wadudu, mtafiti wa mbung'o, wale nzi wanaoleta malale. Alikwenda kutafuta nzi, akaandika juu ya michoro. Bila shaka wenyeji waliijua tangu zamani. Yeye aliiandika tu. Mwaka 1951 Mary Leakey na mume wake Louis walikaa Kondoa wakinakili michoro karatasini, takriban 1,600. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983, na jina lake lenyewe linasema kwamba hii ni sanaa ya Afrika inayotoweka. Kuna michoro ambayo leo tunaisoma vizuri kwenye nakala zake kuliko kwenye jiwe.

Sasa mfano mmoja wa kuonyesha ugumu wa kutafsiri. Huko Kolo kuna mchoro wa watu watano: mmoja katikati, wengine wamemshika mikono huku na huku. Kwa miaka mingi ulielezwa kama mwanamke anayetekwa nyara, wanaume wawili wanamvuta na wawili wanamtetea. Baadaye watafiti wengine waliuliza: kwa nini tusiwaulize majirani? Karibu na hapo wanaishi Wasandawe, wenye lugha ya sauti za kugonga ulimi, na wazee wao walikuwa wawindaji. Mtafiti Eric ten Raa aliandika kwamba Wasandawe wengine walikuwa bado wanachora juu ya miamba katika karne ya 20. Wasandawe wana ngoma ya uganga inaitwa simbo, ambamo mchezaji anaingia katika hali ya kugeuka simba, na wenzake wanamshika. Ukitazama tena mchoro ukiwa na habari hiyo, unaweza kuona mgonjwa au mganga anayeshikwa ili asianguke. Vita imekuwa matibabu.

Tafsiri gani ni ya kweli? Mimi sitaamua hapa. Ninachotaka mkumbuke, hasa ninyi mnaoandika memwari, ni hii: mtu wa mbali aliona wizi wa mwanamke, na aliyewauliza wenyeji aliona jambo lingine. Namna unavyofanya tereni inabadilisha jibu utakalorudi nalo.

Udongo nao unasimulia

Turudi sasa kwa kazi yangu. Wataalamu waliopima udongo uliomomonyoka na kulala chini ya milima ya Irangi walikuta vipindi viwili vikubwa vya erozioni. Cha kwanza ni cha zamani sana, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, wakati hali ya hewa ya dunia ilibadilika. Cha pili ni cha miaka 900 hivi ya karibuni, na hiki kinafungamana na binadamu: kilimo, mifugo, kukata miti, kuyeyusha chuma. Ile habari ya ukutani, wawindaji kwanza na wakulima baadaye, imeandikwa pia chini, ndani ya tabaka za udongo.

Katika karne ya 20 hali ikawa mbaya kabisa. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi ya Ardhi Dodoma. Walichimba matuta, walipanda miti, lakini mifugo ilikuwa bado mingi. Basi mwaka 1979 wakafanya jambo kubwa: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Makumi ya maelfu ya mifugo, wote nje.

Matokeo? Majani yalirudi. Miti ilirudi. Baadhi ya makorongo yalitulia. Ukiangalia kwa jicho la udongo peke yake, ni ushindi. Lakini muulize mama wa Kirangi: maziwa ya watoto yalikwenda wapi? Samadi ya shamba? Mahari ya kijana? Wengine walipeleka ng'ombe kwa jamaa mbali, wengine waliingiza usiku kwa siri. Miaka kama kumi baadaye walianza njia nyingine: ng'ombe wa maziwa wachache, wanafungwa zizini, wanakatiwa majani. Njia hiyo watu waliikubali zaidi, kwa sababu iliwarudishia kitu mkononi.

Sisi wa Kivu tunaelewa mambo haya bila kufafanuliwa sana. Wazee wetu walilazimishwa na Wabelgiji kuchimba mitaro ya kuzuia erozioni kwa fimbo. Uhuru ulipofika mwaka 1960, mitaro mingi iliachwa, juu mitaro ilikuwa ya mkubwa, si ya mwenye shamba. Leo mkulima anayepanda tripsakum kwenye ukingo wa shamba hafuati amri ya mtu, anataka chakula cha ng'ombe wake na udongo wake ubaki.

Na erozioni si neno la mtihani. Mei 2023 huko Kalehe, Kivu ya Kusini, maji na matope yalizika Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Desemba mwaka huohuo, kaskazini mwa Kondoa, matope ya mlima Hanang yalishukia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Nchi mbili, milima miwili, mwaka mmoja.

Miti inahusu nini na michoro?

Inahusu sana. Ukuta wenye michoro unapokuwa nyuma ya miti, jua halipigi moja kwa moja, upepo hauleti vumbi la kusugua rangi, mvua ya upepo haifiki. Miti ikikatwa kwa makala na kuni, jiwe linapata joto mchana na baridi usiku, uso wake unabanduka, na rangi inaanguka nayo. Moto wa porini unaongeza moshi. Kwa hiyo anayelinda msitu wa Kondoa analinda michoro, hata kama hajui historia hata kidogo. Na anayekata mti kwa sababu watoto wana njaa, huyo huwezi kumzuia kwa kibao cha UNESCO peke yake.

Pombe ya mtama na dhahabu ya Wajerumani

Kuna ukuta mkubwa unaitwa Mungumi wa Kolo. Kwa mtalii ni mahali pa kupiga picha. Kwa Warangi ni mahali pa kuombea mvua na kutafuta uponyaji. Wanaleta pombe ya mtama na mnyama wa kuchinja, na katika desturi hiyo pombe hunyunyizwa ukutani. Mtu wa kuhifadhi anaona madoa juu ya rangi ya kale, anashika kichwa. Mzee wa mvua naye anashangaa: mahali hapa ni petu, tuliomba mvua hapa kabla ninyi hamjaja na kibao, leo mnatuambia tunaharibu?

UNESCO yenyewe, ilipoandika Kondoa, ilitaja desturi hizi hai kama sehemu ya thamani ya mahali. Basi huwezi kusifu desturi kwenye karatasi na kuifukuza mlangoni. Kwa maoni yangu, njia ya pekee ni kukaa chini na wazee na kupanga: pombe imwagwe wapi, ukuta upi usiguswe, nani awe na sauti. Ukiwafukuza, utabaki na jiwe bila mlinzi. Wale wanaoogopa mahali hapo kwa heshima ndio wamepalinda karne nyingi, wakati hapakuwa na mlinzi wa kulipwa hata mmoja.

Hatari kubwa zaidi kwangu ni ile ya dhahabu. Watu wengi wanaamini kwamba Wajerumani walipokimbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia walificha mali chini ya mapango, na kwamba michoro ni alama za kuonyesha mahali. Basi wanachimba usiku. Hata Mungumi pamechimbwa. Hakuna dhahabu. Kilichokuwa ndani ya udongo ni shanga, vipande vya mawe na mifupa, yaani kile hasa ambacho kingetuambia umri na maisha ya wachoraji. Shimo moja la usiku linachanganya tabaka za miaka maelfu, na hakuna laboratuari itakayozipanga upya. Wanaochimba ni vijana wasio na kazi. Tusiwacheke. Huku kwetu vijana wangapi wanaingia mashimo kwa sababu hiyohiyo?

Ukitaka kwenda

Mtu wa Kongo anaweza kufikiria Tanzania ni Dar es Salaam na kontena tu. Lakini toka Kalemie unavuka ziwa mpaka Kigoma, na Kigoma kuna Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani na kufika hapo mwaka 1914. Reli hiyo inapita Tabora na Dodoma. Toka Dodoma kwenda Kondoa na Babati sasa ni lami. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na lugha utakayotumia njiani ni hii unayosoma, hata kama watacheka kidogo namna yetu ya kusema.

Huko Kolo ni lazima upite kwanza ofisi ya Mambo ya Kale, ulipe, upewe mwenye kukuongoza. Kuta zingine unafika kwa gari la kupanda milima, halafu kwa miguu, na njia inapanda. Miezi mizuri ni Juni mpaka Oktoba, wakati wa ukavu. Ukiwa hapo: usiguse rangi, jasho la mkono lina mafuta na chumvi. Usimwage maji ukutani ili picha ing'ae. Watu walifanya hivyo zamani na michoro imefifia. Usiwashe moto. Usiandike jina lako, hata kama umeona mwingine ameandika.

Ukiendelea kaskazini kuna mambo mengine ya kuona. Tarangire, tembo wengi na mibuyu. Oldupai, ambako Mary Leakey yuleyule aliokota mwaka 1959 fuvu la Zinjanthropus. Laetoli, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya milioni 3 na nusu iliyopita. Kwa wenzangu wa agronomi, msikose Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa: mashamba ya kale yaliyogawanywa kwa mawe, na mifereji ya kumwagilia, kazi ya wakulima wa Kiafrika karne nyingi mbele ya wakoloni kuja kutufundisha eti kilimo. Hakuna simba wa kupiga naye picha hapo, lakini kuna somo la umwagiliaji zima limelala chini.

Na kwetu je?

Kongo ina michoro pia. Katika Kongo ya Kati, kwenye milima ya Lovo, kuna zaidi ya maeneo 100 yenye michoro na michongo. Mtafiti Geoffroy Heimlich ameyafanyia kazi, na baadhi ya michoro imepimwa ikaonekana ni ya wakati wa Ufalme wa Kongo. Katanga kuna pango la Kiantapo lenye michongo. Milima ya Lovo ni ya mawe ya chokaa, na mawe ya chokaa njo yanatengeneza simenti. Hapo hatari inaeleweka bila maneno mengi.

Wangapi kati yetu tulisikia majina haya tukiwa shuleni? Tulijifunza michoro ya Lascaux ya Ufaransa, Lovo hapana.

Basi ninaleta pendekezo dogo, halihitaji feza nyingi. Kila mmoja wetu anayeenda tereni, awe wa agronomi, jiolojia au afya ya jamii, aulize wazee wa kijiji kama kuna jiwe lenye alama, pango lenye jina, msitu usiokatwa. Ukionyeshwa, piga picha ukiweka rula au kalamu pembeni ili ukubwa ujulikane. Andika jina ambalo wenyeji wanapaita na wanachosema juu yake, kwa maneno yao. Usitangaze mahali kamili kwa kila mtu. Mkumbuke wachimba dhahabu. Peleka habari kwa chifu na kwa watu wa Institut des Musées Nationaux du Congo. Usichimbe, hata kidogo, hata kama una hamu.

Nani kati yenu anajua jiwe la namna hiyo kwao? Jina lake tu linatosha kuanza.